Kitenge cha msiba kilivyoingia kwenye gauni la send-off Rusimbi

Wakuu, amani kwenu nyote, pamoja na wale mnaosoma humu kwa kuibia bosi akigeuka.

Leo nawaletea jambo lililonipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Mnaonifahamu mnajua huwa natia chumvi. Humu chumvi ipo, siwafichi, lakini samaki ni wa kweli kabisa.

Mimi ni fundi cherehani, Kigoma mjini, pale Mwanga jirani na soko. Siku hizi vijana wananiita designer. Tofauti ya fundi na designer ni ndogo tu: wote wanachelewesha nguo yako, ila designer anakuchelewesha kwa maelezo marefu.

Shule nimemaliza form four kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu kuliko mwalimu. Kwa hiyo mkikuta sentensi imekaa upande, nivumilieni. Taa ilikuwa hafifu.

Twende.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Waliokuwepo Kigoma wanajua. Warundi, Wakongo, makambi huko Kasulu na Kibondo, magari meupe kila kona, na mji umejaa lugha. Ukikaa sokoni Mwanga nusu saa unasikia Kiha, Kirundi, Kibembe na Kiswahili cha namna zote. Mimi pale ndipo nilipojifunza kuuza nguo kwa ishara.

Kazi yangu ilikuwa tofauti na ya mafundi wenzangu. Wao walisubiri mtu alete kitambaa kizima. Mimi nilikuwa naokoteza.

Belo la mitumba likifunguliwa, watu wanagombania mashati mazuri. Mimi nasubiri vumbi litulie, kisha nachukua yale yaliyokataliwa: gauni lenye mkono uliochanika, koti la mtu aliyekuwa mnene kama tembo wawili, pazia ambalo hata muuzaji hajui ni nini. Halafu nazunguka kwa mafundi nakusanya vipande vya vitenge vinavyobaki chini ya cherehani, vile ambavyo wengine walikuwa wanashindilia kwenye mito ya kulalia.

Naunganisha. Mgongo wa koti unakuwa sketi. Pazia linakuwa gauni. Vipande vya vitenge vinakaa kifuani, kwenye mikono, kwenye pindo, rangi zinaongea zenyewe.

Sasa hivi mambo haya yana jina, upcycling, na watu wanayafanyia semina hotelini na chai ya maziwa. Sisi tulikuwa tunaita kutotupa. Na mimi mtaani walikuwa wananiita Fundi Viraka, jina ambalo lilinikera kama miaka mia hivi, kabla halijaanza kuniletea wateja.

Mmoja wa wateja hao alikuwa binti anaitwa Devota.

Devota alikuwa Muha wa Rusimbi, mzaliwa hasa, baba yake alikuwa mtu wa reli. Alikuwa anaolewa na kijana wa Kikongo, Asukulu, Mbembe kutoka ng'ambo ya ziwa, ambaye familia yake ilikimbia vita ikaishia kambini upande wa Kasulu. Asukulu mwenyewe alikuwa mjini na kibali chake, anafanya kazi kwenye karakana ya mitumbwi Katonga. Kijana mpole mpaka unamwonea huruma.

Baba Devota alikubali ndoa, lakini kule kukubali kwa mtu anayeangalia pembeni. Aliyekataa waziwazi ni dada yake, shangazi yake Devota, anaitwa Shangazi Skola. Na mnajua shangazi akikataa kwetu huku. Harusi inaweza kuwa na baba, mama, padri na mchele umeshachaguliwa, shangazi akikunja uso kila kitu kinatetereka.

Hoja yake ilikuwa moja. "Mkimbizi hana kwao. Kesho vita ikiisha anavuka maji, na mtoto wetu tutamtafutia wapi?"

Devota akaja kwangu mchana mmoja, akakaa kwenye benchi, akasema:

"Fundi, nataka gauni la send-off ambalo Kigoma nzima hakuna."

Nikamwambia, "Dada, Kigoma nzima ni ndogo. Nitakushonea ambalo halipo mpaka Tabora."

Akacheka. Nikamtolea gauni jeupe la mtumba, zuri sana chini ila kifua chake kilikuwa kimeungua pasi, shimo kama sahani. Mpango ukawa kukitoa kifua chote na kukijenga upya kwa vipande vya vitenge. Nikamwagia gunia zima la vipande sakafuni, nikamwambia chagua.

Aliinama pale karibu mchana wote. Mwisho akanyanyua kipande kimoja, kikubwa kuliko vingine, buluu nzito yenye majani madogo ya rangi ya dhahabu.

"Hiki kiweke katikati. Hapa kwenye moyo."

Wakuu, kile kitambaa kilikuwa kizuri. Wax ya Kikongo, rangi haijachuja hata chembe. Kilitoka kwenye gunia nililoletewa na mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anapita kwenye masoko ya kambini na kununua mabaki kwa mafundi wa huko. Zaidi ya hapo sikujua chochote, na wala haikunijia kuuliza. Nani anauliza kitambaa kimetokea wapi? Unauliza upana wake, basi.

Nikashona. Sijisifu, lakini nadhani hata malaika mmoja wawili walikuja kuangalia finishing.

Send-off ikafanyika nyumbani kwao Rusimbi, mchana, turubai na viti vya plastiki. Ilibidi iwe mchana, sababu upande wa bwana harusi wengi walikuwa wametoka kambini kwa kibali na gari lao lilitakiwa kurudi kabla giza halijaingia. Mimi nilialikwa kama fundi. Hiyo ndiyo desturi yangu: fundi anakwenda na mkasi, sindano na uzi kwenye mfuko, maana zipu hazina adabu siku za sherehe.

Devota akatoka ndani. Vigelegele vikapaa. Nilimwona hata Shangazi Skola anaangalia kifua cha gauni akisahau kukunja uso. Nikajisemea moyoni, hapa nimepata oda za miaka kumi.

Halafu MC akawaita upande wa kijana.

Wakongo wanajua kuingia, jamani. Waliingia kwa kucheza, sare yao kitenge chekundu na chungwa, blauzi, sketi, na kitenge cha pili kimefungwa juu kiunoni. Mbele kabisa Mama Asukulu, mama wa bwana harusi, mwanamke mrefu, anacheza taratibu na mikono ameinyoosha, anakwenda kumkumbatia mkwe wake.

Akafika karibu. Akasimama.

Mikono ikabaki hewani. Wanawake wawili waliokuwa nyuma yake nao wakasimama, mmoja akaweka kiganja mdomoni. Wimbo ukafa kipande kwa kipande, kuanzia mbele kwenda nyuma.

MC, mtu wa kiherehere kama ma-MC wote, akadakia kwenye kipaza sauti, "Mama mkwe amezidiwa na furaha! Makofi kwa mama mkweee!"

Makofi yakapigwa mawili matatu, yakaona aibu, yakakoma.

Mama Asukulu akagusa kile kipande cha buluu kwa ncha za vidole. Akauliza kwa sauti ya chini, Kiswahili chao kile cha ng'ambo:

"Mutoto yangu, hii kitambaa munaipata wapi?"

Devota akasema, "Kwa fundi, mama. Nilikichagua mwenyewe."

"Unajua ni ya nani?"

"Hapana, mama."

"Hii ni ya kilio ya baba Asukulu."

Kilio kwao ni msiba. Ngoja niwaeleze, maana hata mimi nilielezwa baadaye.

Mzee, baba yake Asukulu, alikuwa mwalimu. Alifariki kambini mwaka uliotangulia, kabla mwanaye hajakutana na Devota. Wenzetu wana desturi: wanawake wa ukoo wanachagua kitenge kimoja cha kuomboleza, wanashona wote sare. Wanakivaa mpaka siku ya kumaliza msiba, kisha kinafuliwa, kinakunjwa, kinawekwa. Hakivaliwi kwenye furaha. Hakichezi ngoma. Mabaki yake fundi hupaswa kuyarudisha kwa wenyewe, ila kambini kulikuwa na mafundi wa kila aina, na mmoja alimuuzia yule mama wa magunia.

Na kwa sababu Asukulu hakuwahi kuliona gauni mpaka dakika ile, hapakuwa na mtu wa kutuonya.

Sasa angalieni palipofika. Shangazi Skola akasimama. Alikuwa amekaa kimya mchana mzima kama mtu anayeweka akiba.

"Mawe! Mama yangu! Si nilisema mimi? Wamekuja na maiti yao mpaka harusini. Hiyo ni ishara. Kaka, simamisha hii shughuli."

Baba Devota akainamisha kichwa. Kwa mtu aliyekubali akiangalia pembeni, kichwa kile kilitisha. Devota machozi yanamdondoka kwenye buluu ile ile. Asukulu akajipenyeza mbele:

"Mama, tuache tu. Ni kitambaa."

"Nyamaza. Si kitambaa. Ni baba yako."

Halafu Mama Asukulu akageuka, akauliza, "Nani alishona?"

Wakuu, sijawahi kuona mji ukinyoosha kidole kwa umoja namna ile. Mpaka watoto. Mpaka mbuzi wa jirani naapa alinitazama. Mimi nilikuwa tayari napima umbali wa kutoka pale hadi ziwani, maana kuogelea najua kidogo.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Uko na mkasi?"

"Ninao."

"Kuja."

Tukaingia chumbani: yeye, Devota, mama yake Devota, na mimi na mfuko wangu. Shangazi Skola akatufuata. Akasema hatuwezi kufungiana na mtoto wao na nguo ya marehemu bila shahidi.

Mama Asukulu akasema, "Itoe."

Nikamweleza ukweli wa kifundi. Kile kipande kilikuwa kimeshika kifua chote. Nikikitoa, pale katikati panabaki wazi, na gauni halina kitu cha kuziba. Vipande vyangu viko Mwanga. Kwenda na kurudi, gari lenu la kambini limeshaondoka.

Mama Asukulu akafungua kile kitenge cha juu kiunoni mwake, kile chekundu, sare mpya ya mama wa bwana harusi, akakitandaza kitandani. Akakamata pembe yake.

"Kata hapa."

Mkasi ninao mkononi, sijaufungua. Mama mkwe ndiye anayeangaliwa kuliko watu wote baada ya bibi harusi. Unamkataje sare yake mbele ya upande wa pili?

"Mama, utatokaje nje na kitenge kilichonyofolewa?"

"Kata, baba. Mimi niko na ingine chini."

Devota alicheka katikati ya machozi, kicheko cha kupaliwa. Mama yake naye akafuata.

Nikakata.

Kazi ya kufumua ile buluu sikuifanya kwa haraka, ingawa nje MC alikuwa ameshaishiwa vichekesho na kuanza kurudia. Mama Asukulu alipiga magoti mbele ya Devota akipokea uzi niliofumua, mmoja mmoja. Kitambaa kilipoachia, alikikunja mara nne, akakiingiza kifuani ndani ya blauzi. Hakulia. Alipumua tu kama mtu aliyetua mzigo.

Nikaweka nyekundu mahali pake. Nikahitaji mkono wa tatu wa kuvuta kitambaa kikae sawa. Aliyekuwa karibu alikuwa Shangazi Skola.

"Shangazi, nishikie hapa."

"Mimi?"

"Shahidi pia ana mikono."

Akashika. Upande mmoja shangazi, upande wa pili mama mkwe amepiga magoti, mimi katikati na sindano nashona kwa mkono, vichwa vyetu vimekaribiana mpaka tunanusiana mafuta ya nywele. Nasikia sindano tu.

Ghafla shangazi akauliza, bila kumwangalia mwenzake:

"Huyo mzee alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mukali," akajibu Mama Asukulu. "Chakula ikichelewa, anaanza kufundisha hesabu kwa nguvu. Nyumba nzima tunajua saba mara saba."

"Hee! Kaka yangu huyu naye. Ugali ukichelewa anasimulia ajali zote za reli."

Wakacheka, kidogo, kwa pua. Halafu shangazi akauliza tena, sauti imepungua.

"Mlimzika huko huko kambini?"

"Huko huko. Alitaka kuzikwa Baraka, muji ya kwetu ng'ambo. Haikuwezekana." Akaugusa mkunjo ule ndani ya blauzi. "Basi ile kitambaa ndiyo kaburi tunaweza kubeba."

Shangazi aliendelea kushika kitambaa hata nilipomwambia nimemaliza.

Devota akasimama. Nyekundu ilikaa. Siwezi kusema ilikuwa nzuri kama buluu, kwa jicho la dizaini haikuwa, iliwaka mno pale kifuani. Ila ilikaa.

Mama Asukulu akaanza kujifunga kitenge chake chenye pengo. Akajaribu kulia, pengo likaonekana. Akajaribu kushoto, likaonekana zaidi. Shangazi Skola akamtazama mara mbili, akashindwa kuvumilia.

"Lete huku, mwenzangu. Hivyo watu watakucheka."

Akamgeuza kama mtoto. Akakizungusha kitenge, akakunja ile pembe iliyokatwa ndani kabisa, akafunga fundo pembeni, fundo la Kiha hilo, sijui mwingine anayelifunga vizuri namna ile. Pengo likapotea. Akampigapiga kiunoni kuhakikisha limeshika.

"Haya. Twende tukacheze."

Tulipotoka, baba Devota aliinua kichwa. Alimwangalia dada yake kwanza, sio binti yake. Na dada yake alikuwa amemshika mkono mama wa mkimbizi, anapiga kigelegele ambacho nadhani Burundi walikisikia. Baba akasimama, akapiga makofi. Hapo ndipo nilipojua harusi ipo.

Na ilikuwepo. Mpaka leo wapo, wana watoto.

Mimi nilidhani mambo yangu na Mama Asukulu yameishia pale. Kumbe. Haukupita muda nikapokea mzigo kutoka kambini, gunia la vipande vya vitenge. Amekusanya mwenyewe kwa mafundi wa huko. Ila hakuvichanganya. Amevifunga mafungu, na aliyeuleta akaniambia alivyoagizwa: hili ni la ubatizo, hili la harusi ya jirani, hili ni la kwaya. Hayo kata. Na fungu moja dogo, limefungwa kwa kamba nyeusi: hili ni la kilio, usiguse, mwenyewe akipatikana nitakuja kulichukua.

Aliendelea kuniletea hivyo miaka na miaka, mpaka yeye na watu wa kambini waliporudi kwao ng'ambo. Yale mafungu ya kamba nyeusi mengine alikuja kuyachukua. Mengine bado ninayo kwenye sanduku, wenyewe hawajapatikana. Kuna dizaini humo ndani, wakuu, zingenipa jina mpaka Dar. Sijakata hata moja.

Somo nililopata ni hili. Sisi tunaofanya kazi ya mabaki tunajisifu kwamba tunaokoa nguo isitupwe, na ni kweli. Lakini nilikuwa nadhani kitambaa kilichobaki hakina mtu. Kinaye. Huenda alikifua na kukikunja akidhani kimekwisha kuwekwa. Siku hizi mtu akiniletea vipande, kabla ya kuuliza upana nauliza vilivaliwa wapi. Wengine wananiona nimezeeka vibaya. Sawa tu.

Nisichokijua mpaka leo ni kama Mama Asukulu angefanya vizuri kukiacha pale kifuani. Kuna watu nawasimulia wananiambia, kingebaki, mzee angekuwa amehudhuria harusi ya mwanaye. Ni maneno matamu. Ila mimi nilikuwa pale, niliona alivyopumua kilipotoka.

Kwa hiyo nawauliza nyie wa mikoa yote, Wachaga, Wanyakyusa, Wazaramo, Waha wenzangu: kwenu sare ya msiba ikishamaliza kazi yake inakwenda wapi? Mnaivaa sokoni? Mnagawa? Inakatwa matambara ya kudekia?

Semeni, nasoma zote, hata za kunitukana. Na kama kuna mwenye nguo ya namna hiyo kabatini, hajui aifanye nini, akasikia kuna fundi Kigoma anapokea mabaki: tafadhali usiniletee mimi. Ikunje vizuri, kaa nayo. Sanduku langu limejaa.